Shajara ya mradi: Gari la saluni la zamani la lita 1.6 lisilowaka

Ingizo la 1: Gari na lalamiko lake

Gari ni saluni yenye injini ya petroli ya lita 1.6, silinda 4, kabureta moja yenye choki ya kuvuta kwa mkono, distribyuta (kigawa cheche) ya platini, yaani vigusio vinavyofunga na kufungua umeme wa koili, koili (inayotengeneza umeme wa cheche) inayolishwa kupitia rezista (kipunguza umeme), pampu ya petroli ya mekanika inayosukumwa na kamu (shafti inayofungua valvu), na gia za mkono. Betri ni ya Ah 50 (ampea-saa 50). Upande wake hasi umefungwa kwenye bodi, na kati ya bodi na injini kuna waya mmoja bapa wa kusuka. Mpangilio huu wa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) ndio ulioamua nusu ya kwanza ya kazi yote.

Lalamiko: ufunguo ukigeuzwa, taa za dashibodi zinafifia na stata inalia takatakataka. Mara nyingine inakokota injini nusu mzunguko, kisha inakata. Gari limekaa muda mrefu bila kuwashwa. Lilikwisha kupendekezewa stata mpya, koili mpya na kabureta mpya, vyote kwa mpigo, bila kipimo hata kimoja. Hapa tunafuata njia nyingine. Hakuna kifaa kinachotoka mpaka kipimo kikihukumu, na kipimo kinachukuliwa kifaa kikiwa kazini. Waya unaosoma vizuri ukiwa umepumzika unaweza kushindwa kabisa mkondo wa ampea 100 unapoupitia.

Jambo la pili la kuzingatia: gari la zamani lililokaa huwa na kasoro zaidi ya moja, na iliyo mbele huificha iliyo nyuma. Stata ikikokota, huwezi kuhukumu cheche. Cheche ikiwa dhaifu, huwezi kujua kama petroli inafika. Kwa hiyo utaratibu ni mzunguko kwanza, kisha cheche, kisha kompresheni, kisha petroli. Hakuna kuruka.

Ingizo la 2: Je, injini yenyewe inazunguka?

Kabla ya kugusa betri, kijiti cha oili kimetolewa. Kiwango kiko kati ya alama mbili, hakuna rangi ya maziwa (ambayo ingeonyesha maji), na oili hainuki petroli. Kunusa huku si jambo dogo kwenye gari lenye pampu ya mekanika: diaframu ikichanika, petroli huteremka hadi kwenye karta ya oili. Injini ikiwashwa na oili iliyozimuliwa hivyo, beringi zinaharibika mapema.

Plagi zote 4 zimetolewa na kupangwa kwa namba za silinda. Kila tundu limetiwa mililita 5 za oili ya injini, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa sababu kuta za silinda zilizokaa huwa kavu. Soketi imewekwa kwenye nati ya puli ya krenki na injini imezungushwa kwa mkono kuelekea upande wake wa kawaida, mizunguko 2 kamili, ambayo ndiyo inayopitisha kila silinda katika hatua zake zote 4. Imezunguka kwa uzito ulio sawa, bila kugota popote.

Wakati wa kuzungusha, kifuniko cha distribyuta kilikuwa wazi. Rota, kidole kinachozunguka ndani yake, imegeuka. Kwenye injini hii distribyuta inaendeshwa na kamu, kwa hiyo rota ikigeuka, mkanda wa taimingi haujakatika. Mkanda ukikatika, dalili nyingine ni stata kuzungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, na mlio wake unakuwa laini usio na mapigo.

Plagi hutolewa kwanza kwa sababu ya usalama wa injini. Silinda ikiwa imejaa petroli au maji, pistoni haiwezi kubana kimiminika. Ukipiga stata, kinachopinda ni mkono wa pistoni.

Ingizo la 3: Betri

Kipimo cha kwanza, gari likiwa limezimwa kwa saa nyingi: volti 12.15. Betri ya asidi iliyojaa husoma kati ya 12.6 na 12.7. Kwenye 12.4 imebaki robo tatu hivi, kwenye 12.2 imebaki nusu, na kwenye 12.0 imebaki robo. Hii ilikuwa chini ya nusu, na hilo pekee linatosha kueleza takatakataka: solenoidi (swichi kubwa ya stata) inavuta, stata inataka mkondo mkubwa, volti inaporomoka, solenoidi inaachia, volti inapanda, inavuta tena.

Nguzo zote mbili za betri zimesuguliwa mpaka risasi ikang'aa, pamoja na upande wa ndani wa terminali. Ute mweupe na wa kijani umeoshwa kwa maji na magadi. Waya hasi umefunguliwa kwanza na utarudishwa mwisho, ili spana ikigusa bodi wakati wa kufungua chanya isilete mlipuko wa cheche. Vyumba 2 vya betri vilikuwa na maji chini ya ncha za juu za sahani, vikaongezwa maji yaliyokenekwa (maji safi ya betri) mpaka sahani zikafunikwa tu. Kujaza hadi kiwango kamili hufanywa baada ya kuchaji, kwa sababu maji hupanda wakati wa kuchaji. Chaja imewekwa kwenye ampea 5, sehemu ya kumi ya ukubwa wa betri, mahali penye hewa ya kutosha maana betri inayochajiwa hutoa hidrojeni.

Baada ya kujaa na kupumzika usiku kucha: volti 12.64. Haidromita (kipima uzito wa asidi) imesoma 1.265, 1.265, 1.260, 1.265, 1.260 na 1.265. Tofauti kati ya vyumba ndiyo tunayoitazama zaidi. Chumba kimoja kikiwa nyuma ya vingine kwa 0.050 au zaidi, betri hiyo imeisha, hata kama jumla ya volti inapendeza. Hii haijaisha. Ilikuwa na njaa tu, na sababu ya njaa hiyo imewekwa kwenye orodha ya kutafutwa, maana betri nzima haishuki hadi 12.15 bila kitu kinachoinyonya au alteneta isiyoilisha.

Ingizo la 4: Stata inakokota ingawa betri imejaa

Plagi zimerudishwa na waya mdogo wa koili umechomolewa ili injini isishike, yaani isiwake. Stata imepigwa. Takatakataka imekwisha, lakini injini inazunguka kwa kujivuta mno. Taa kubwa ziliachwa zikiwaka makusudi, na hazikufifia sana. Hapo ndipo kazi inapoanza kuwa nzuri.

Volti ya betri wakati stata inavuta: 11.2. Namba hii inastahili kutafakariwa, kwa sababu watu wengi wangeiona na kufurahi. Betri nzima inayozungusha injini ya lita 1.6 kwa kasi ya kutosha hushuka hadi kwenye 10 na kitu. Ikishuka chini ya 9.6, ama betri ni dhaifu, ama stata inakula mkondo kupita kiasi kwa kukwama au kwa shoti ya ndani. Lakini stata ikikokota huku betri imebaki juu, maana yake mkondo hauondoki kwenye betri vya kutosha. Kuna kizuizi njiani. Amita ya kubana juu ya waya mkubwa imesoma ampea 130.

Kizuizi hutafutwa kwa kupima volti inayopotea katika kila kipande cha njia, stata ikiwa inapigwa. Ncha moja ya multimita inawekwa mwanzo wa kipande, nyingine mwisho wake. Ncha zinaguswa kwenye nguzo yenyewe ya betri na kwenye bolti yenyewe ya stata, si kwenye terminali, kwa sababu maungio ndiyo washukiwa wakuu. Kila kipimo kinahitaji sekunde 3 hadi 5. Stata haipigwi zaidi ya sekunde 10 mfululizo, kisha inapumzishwa dakika 1.

Matokeo:

- Nguzo chanya hadi bolti ya mota ya stata, kupitia solenoidi: 0.25. Kikomo tunachokubali ni 0.5.
- Nguzo hasi hadi bodi: 0.15. Kikomo ni 0.2.
- Bodi hadi bloku ya injini: 3.9.
- Kilichobaki kwenye stata yenyewe: 6.9.

Jumlisha namba hizo, utapata 11.2. Hesabu ikifunga hivyo, hakuna kipande kilichosahauliwa. Volti 3.9 kwa ampea 130 ni wati 500 hivi, zote zinageuka joto kwenye waya wa kusuka ambao kazi yake ni kupitisha tu. Waya ulikuwa wa moto mkononi. Waya wa choki nao ulikuwa umepata joto, kwa sababu umeme ulionyimwa njia halali hutafuta nyingine, na ganda la chuma la choki linaunganisha injini na bodi. Ukikuta choki au waya wa mafuta umepata moto baada ya kupiga stata, nenda moja kwa moja kwenye ethi ya injini.

Hii pia inaeleza taa kutofifia. Taa zinarudisha umeme wake kwenye bodi, na kati ya bodi na betri njia ni safi. Kizuizi kiko kati ya bodi na injini, eneo ambalo stata na vitu vilivyofungwa kwenye injini ndivyo vinavyoteseka. Kama ungekuwa waya wa betri hadi bodi ndio mbovu, taa nazo zingezimika.

Waya uliofunguliwa ulikuwa wa kijani ndani ya nyuzi zake, na upande wa bodi bolti ilikuwa imekazwa juu ya rangi. Umewekwa waya mpya wa milimita za mraba 25. Pande zote mbili zimepigwa msasa mpaka chuma cheupe, ikawekwa washa yenye meno, ikakazwa, kisha grisi ikapakwa juu. Grisi inakuja mwisho kabisa. Kazi yake ni kuzuia unyevu, haina kazi katikati ya vyuma viwili.

Vipimo baada ya hapo: bodi hadi injini 0.12, mkondo ampea 165, betri 10.4, stata 9.8. Injini inazunguka kwa nguvu. Stata iliyokuwa imehukumiwa bila kesi imebaki mahali pake.

Kwa rekodi, stata ingehukumiwa hivi. Ikipata volti 9.6 au zaidi na bado ikokote huku amita ikisoma juu sana, bushi zimelika na armecha (sehemu inayozunguka ndani ya stata) inakwaruza, au kuna shoti ya ndani. Ikipata volti nyingi bila kuvuta mkondo wa maana, kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye armecha) zimeisha au sahani za ndani ya solenoidi zimeungua. Ikizunguka yenyewe kwa mlio mkali bila kuigusa injini, bendiksi (gia ndogo ya stata inayoshika flaiwili) imeshindwa au meno ya flaiwili yamelika. Na isipotoa hata mlio mmoja, pima terminali namba 50 ya solenoidi wakati ufunguo umegeuzwa: kama haina umeme, tatizo liko kwenye swichi, waya au fyuzi, na kwenye gari la gia za otomatiki kuna swichi ya usalama ya gia pia.

Ingizo la 5: Cheche

Injini inazunguka vizuri sasa, haishiki. Kipima cheche kimefungwa kwenye waya wa plagi ya silinda ya 1, mwanya wa milimita 6. Cheche ipo, ya manjano, na inaruka mara moja moja. Mwanya wa plagi ukiwa hewani ni mdogo, kwa hiyo plagi iliyolazwa juu ya injini inaweza kutoa cheche na bado ishindwe ndani ya silinda penye shinikizo. Ndiyo maana kipima chenye mwanya mkubwa ni bora. Na kazi hii haifanywi karibu na chombo kilicho wazi cha petroli.

Upande mdogo wa koili hupimwa kwanza, kwa sababu ndiko matatizo mengi ya platini yanakokaa.

Platini zikiwa zimefunga na ufunguo ukiwa kwenye kuwasha (ON, bila kupiga stata), terminali hasi ya koili (namba 1) hadi bloku ya injini inapaswa kusoma karibu na sifuri. Tunakubali hadi 0.2. Imesoma 2.4. Platini zilizokaa hujenga utando wa kijivu usioonekana vizuri kwa macho, na utando huo unazuia umeme. Zimesuguliwa kwa faili nyembamba ya platini, kisha karatasi safi ikapitishwa katikati ili kutoa unga. Msasa wa kawaida huacha chembe zinazounguza uso upya. Kipimo kimerudi kwenye 0.1.

Mwanya umewekwa kwa fila (kipima mwanya) ya milimita 0.45, kisigino cha platini kikiwa juu kabisa ya pembe ya kamu ya distribyuta. Grisi kidogo imepakwa kwenye kamu, kiasi cha punje ya mtama. Bila grisi kisigino kinalika, mwanya unafunga wenyewe, na gari linaanza kusumbua tena. Grisi ikizidi inaruka hadi kwenye platini.

Kipimo cha pili: terminali chanya ya koili (namba 15) wakati stata inapigwa. Ili namba isichezecheze kwa kufunga na kufunguka kwa platini, terminali hasi ya koili imeunganishwa na ethi kwa waya wa muda, kwa sekunde chache tu za kipimo. Imesoma 5.1.

Hapa inabidi kujua kwa nini rezista ipo. Koili hii imetengenezwa ifanye kazi kwa volti pungufu, na rezista ya omu 1.5 inaishushia volti injini ikiwa inanguruma. Wakati wa kupiga stata volti ya betri inashuka, kwa hiyo watengenezaji waliweka waya wa pili kutoka solenoidi unaoruka rezista na kuipa koili volti yote iliyopo. Waya huo ukikatika, koili inabaki na volti inayopitia rezista wakati betri yenyewe imeshuka. Koili hii ina omu 1.5 upande mdogo. Kwa volti 5.1 inapata ampea 3.4, kwa volti 10 ingepata 6.7. Nishati inayohifadhiwa kwenye koili hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo nusu ya mkondo ni robo ya nishati. Injini ya baridi yenye mchanganyiko mzito haishiki kwa robo ya cheche.

Waya wa kuruka rezista ulikuwa umefungwa kwenye solenoidi, lakini terminali yake ndogo ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ikashikiliwa na plastiki tu. Terminali mpya imebanwa kwa koleo la kazi hiyo, si kwa kusokota nyuzi. Kipimo wakati wa kupiga stata: 10.0. Ufunguo ukirudi kwenye kuwasha, platini zimefunga: 6.2. Hiyo ya pili inathibitisha kuwa rezista nayo ni nzima. Rezista ikikatika dalili ni ya kipekee: injini inashika wakati stata inavuta, inazima mara tu ufunguo unapoachiwa.

Vilivyobaki vimepita kwa haraka. Upande mkubwa wa koili una omu 8,200, kondensa ni maikrofaradi 0.21, nyaya za plagi hazina iliyokatika, kifuniko kimekaushwa na hakina ufa wala mstari mweusi wa kaboni, rota haijatoboka. Plagi zimesafishwa na kuwekwa mwanya wa milimita 0.7. Kondensa mbovu huunguza platini haraka na kutoa cheche ya rangi ya chungwa, kwa hiyo platini zikirudi na kishimo upande mmoja, hiyo ndiyo ya kubadilishwa.

Mwanya wa platini ukiguswa, taimingi inahama: mwanya mpana hufungua mapema na kuitanguliza, mwembamba huichelewesha. Kwa hiyo taimingi imewekwa baada ya mwanya. Silinda ya 1 imeletwa kwenye hatua ya kubana (kidole juu ya tundu la plagi kinasukumwa na hewa), alama ya puli kwenye nyuzi 8 kabla ya kilele (pistoni ikiwa juu kabisa) kama kitabu cha gari kinavyotaka. Taa ya majaribio imefungwa kati ya terminali hasi ya koili na ethi, ufunguo kwenye kuwasha, na distribyuta imegeuzwa taratibu mpaka taa ikawaka. Kuwaka huko ndiko kufunguka kwa platini. Mpangilio wa nyaya umehakikiwa: 1-3-4-2, kufuata mwelekeo wa rota.

Cheche sasa ni ya bluu na inaruka milimita 10 bila kukosa.

Ingizo la 6: Kompresheni

Kipimo hiki kilisubiri makusudi. Stata inayokokota hutoa namba za uongo, na namba za uongo zimefungua injini nyingi zisizo na kosa. Plagi zote nje, waya mdogo wa koili umechomolewa, koo la kabureta limefunguliwa kabisa, mapigo 5 kwa kila silinda. Kabla ya kufunga geji, stata ilipigwa kidogo ili oili iliyotiwa mwanzoni iruke nje, kitambaa kikiwa juu ya matundu.

Bar 10.8, 10.6, 9.1, 10.7. Silinda ya 3 iko nyuma kwa zaidi ya asilimia 15. Ilitiwa mililita 5 za oili na kupimwa tena: 9.2. Oili huziba pembeni mwa ringi, kwa hiyo namba isipopanda, uvujaji kwa kawaida uko kwenye valvu. Mwanya wa valvu ya ekzosi ya silinda hiyo ulikuwa milimita 0.15 badala ya 0.30, ina maana valvu haikuwa ikikaa vizuri kitini. Umerekebishwa, na namba ikawa 10.3. Kasoro hii isingezuia gari kuwaka, ila ingeunguza valvu baadaye.

Ingizo la 7: Petroli

Mililita 5 za petroli safi zimemiminwa kooni mwa kabureta, chujio la hewa likarudishwa juu ili moto wa kurudi usitoke nje, chombo cha petroli kikapelekwa mbali, stata ikapigwa. Injini imeshika papo hapo, ikanguruma sekunde chache, ikazima. Huu ndio ushahidi tulioungojea: cheche, taimingi na kompresheni vinatosha. Kinachokosekana ni mafuta. Volti ya koili ilipimwa wakati huohuo ili dalili isichanganywe na ile ya rezista iliyokatika. Ilikuwa sawa.

Ukitazama kooni na kusukuma mkono wa kabureta, pampu ya kuongeza kasi inapaswa kurusha mchirizi. Haikurusha kitu. Bakuli lilikuwa kavu.

Petroli ya tangini imetolewa na kuachwa itulie kwenye chupa ya kioo. Rangi ya chai, harufu ya vanishi, na chini yake tabaka la maji. Petroli hii haifai kuchanganywa na mpya. Tangi limesuuzwa na chujio limebadilishwa. Kabureta imefunguliwa: sindano ya boya ilikuwa imegandia kitini kwa utomvu. Jeti zimelowekwa na kupulizwa hewa. Waya haukupitishwa, kwa sababu jeti ni za shaba laini na tundu likipanuka kidogo tu, mchanganyiko hauwi sahihi tena. Boya limezamishwa kwenye maji ya moto. Halikutoa povu, kwa hiyo halijatoboka.

Kisha pampu. Mpira wa kutokea umeelekezwa chupani, stata ikapigwa, koili ikiwa imechomolewa. Petroli ilitoka kwa kutema, nusu yake mapovu. Hapa ndipo pampu nyingi nzima hutupwa. Pampu imefungwa geji upande wa kuingilia: imefyonza na kushikilia mvuto bila kushuka. Diaframu na valvu zake ni nzima. Basi hewa inaingilia kabla ya pampu.

Upande wa kufyonza una tabia inayowapotosha wengi: ukipasuka haudondoshi petroli. Mvuto uliomo ndani unaingiza hewa badala ya kutoa mafuta, kwa hiyo chini ya gari panabaki pakavu kabisa. Kipande cha mpira kati ya bomba la chuma na pampu kilipokunjwa kilionyesha nyufa mzunguko mzima chini ya klipu. Mipira ya zamani haikutengenezwa kwa petroli yenye ethanoli, na ethanoli huikausha. Mipira yote laini, tangi hadi kabureta, imebadilishwa kwa ile yenye alama ya SAE J30R9, kipenyo cha ndani milimita 6, na klipu mpya. Kubadilisha kipande kimoja kilichopasuka na kuacha vingine vya umri uleule ni kujiandalia moto kwenye injini.

Baada ya hapo, mchirizi mzito kwa kila pigo, bila povu, shinikizo bar 0.25. Kifuniko cha tangi kimepulizwa kuhakikisha tundu lake la kupumulia liko wazi. Likiziba, gari linawaka vizuri kisha linazima njiani baada ya muda.

Ingizo la 8: Limewaka

Choki yote nje, bakuli likajazwa kwa kupiga stata kidogo, kisha injini ikashika na kubaki. Taa ya oili imezimika ndani ya sekunde 4. Choki imerudishwa nusu baada ya dakika 1 na kufungwa kabisa injini ilipopata joto. Taa ya taimingi imethibitisha nyuzi 8, mzunguko wa chini umewekwa 850 kwa dakika. Alteneta inatoa volti 14.2 kwenye mizunguko 1,500, na 13.8 taa kubwa zikiwa zinawaka. Kwa hiyo si alteneta iliyoinyima betri chakula.

Ingizo la 9: Kilichomaliza betri

Amita imefungwa kati ya nguzo hasi na waya wake, milango imefungwa, ufunguo nje. Stata haipigwi amita ikiwa hapo, maana fyuzi ya multimita huishia ampea 10. Imesoma 0.44. Saa ya dashibodi na kumbukumbu ya redio havifiki hata 0.05.

Fyuzi zimechomolewa moja moja. Ya taa za ndani ilipotoka, namba ikaanguka hadi 0.02. Taa ya dari ilikuwa imezimika, ikabaki ya buti: balbu ya wati 5, ambayo kwa volti 12 hula ampea 0.42. Swichi ya kifuniko cha buti ilikuwa imekwama kwenye hali ya kuwaka. Kwa ampea 0.44, betri ya Ah 50 inapoteza nusu yake kwa saa 57. Swichi imebadilishwa, kipimo kimebaki 0.02.

Yaliyo wazi bado: kupima mwanya wa platini upya baada ya kilomita 500, kwa kuwa kisigino kikilika mwanya unafunga, kubadilisha oili na chujio lake, kupima upya kompresheni ya silinda ya 3 injini ikiwa ya moto, na kujaribu kuwasha injini ikiwa imepata joto kamili kisha ikaachwa dakika 15, kwa sababu koili inayoanza kufa hujificha ikiwa ya baridi. Asubuhi ya leo, gari likiwa limelala na milango imefungwa, betri imesoma 12.61 na injini imeshika kwenye mzunguko wa pili.